Waliokula Vitabu Mezani Kwangu

Jumamosi, 4 Machi

Nakuna nazi tangu asubuhi. Zilipanda treni hadi Malampaka, zikapanda lori hadi hapa Bariadi, na moja imefika imeoza. Yote hii kwa sababu riwaya ya mwezi huu ya kikundi chetu cha kusoma ni ya mapenzi ya pwani, na Mama Doris ameamua kila kitabu tukisome na tukile. Anasema huko Dar wake za wakubwa wanakutana kujadili vitabu na kupika vyakula vilivyomo. Wazo kalileta yeye. Mpishi ni mimi, kwa kuwa nina meza kubwa na nafundisha Kiswahili.

Walichelewa wote watatu. Mama Doris na manukato yake. Mumewe ni mmoja wa hawa wanunuzi binafsi wa pamba walioingia tangu biashara ifunguliwe. Mama Mchungaji na kitabu chake alichokibandika karatasi kurasa mbili, busu lisisomeke. Na Pendo, nesi wa hospitali, binti mdogo kuliko sote. Huyo peke yake ndiye aliyesoma hadi mwisho.

Kitabu kilizungumzwa kidogo sana. Mapazia ya mitumba yalizungumzwa hadi jioni. Mama Doris alisema riwaya ni nzuri, ina ujumbe. Nikauliza ujumbe gani.

"Wa mapenzi, Mwalimu." Akasogeza sahani aongezewe wali.

Nawadharau. Naandika hapa kwa sababu usoni lazima nitabasamu.

Jumatano, 15 Machi

Shija katoka kazini mapema. Siku hizi anatoka mapema kila siku. Mume wangu kapanga madaraja ya pamba ya ushirika tangu tukiwa wachumba; anashika nyuzi kwa vidole viwili na kutamka daraja kama hakimu. Sasa maghala ni matupu, panya wamehama wenyewe. Msimu ukifunguliwa wakulima watauza kwa wenye malori na fedha taslimu. Kila mtu anajua. Watu wa ushirika peke yao ndio wanaosema mambo yatakaa sawa.

Nilimuuliza, ushirika ukifa, nyumba hii tunayokaa itakuwaje? Ni ya ushirika, kuanzia msingi hadi bati. Akasema mambo yatakaa sawa. Kisha akaanza kuhangaika na redio.

Mwanaume anayejificha nyuma ya redio.

Jumamosi, 1 Aprili

Riwaya ya upelelezi. Mpelelezi anakula biriani hotelini kila baada ya kumpiga mtu. Basi nikapika biriani. Mchele mzuri, wa Maswa. Mbuzi mgumu. Mama Mchungaji alisali kwa muda mrefu sana akimwombea mpelelezi aokoke.

Pendo alitaka kuuliza kwa nini muuaji hakujulikana mapema. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Doris alikuwa ameinuka mezani anatembea tembea. Akaingia hadi chumba cha nyuma. Akauliza kama kinapata jua asubuhi. Akauliza bati linavuja upande gani. Akabonyeza ukuta kwa kidole, akakitazama kidole.

Mshamba aliyepata pesa. Anakagua nyumba ya mwenzake kama anakagua ng'ombe mnadani. Nilimjibu kwa adabu, kwamba linavuja juu ya jiko. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka jambo akilini.

Jumatano, 12 Aprili

Nimejua leo. Kwenye chumba cha walimu, mbele ya watu, karani wa ushirika aliyekuja kumwandikisha mwanawe akanipa pole ya nyumba. Nyumba gani? Akababaika. Ushirika unauza nyumba zake. Yetu imepata mnunuzi: mume wa Mama Doris. Tutoke kabla ya msimu wa pamba.

Kwa hiyo ndiyo maana ya kidole ukutani. Alikula biriani yangu huku anachagua mahali pa kuweka kabati lake.

Nilimwambia Shija jioni. Alisema, "Nami nasikia sikia." Akaendelea kumega ugali. Sikulia. Nilitaka kumwagia mchuzi.

Baadaye nikafikiri kuvunja kikundi. Hapana. Mwezi ujao ni zamu yangu kuchagua kitabu. Nitachagua.

Jumapili, 23 Aprili

Nimekwenda Migato kwa mama. Kitabu nilichochagua ni chembamba, kinahusu mwaka wa njaa katika nchi ya wafugaji. Ng'ombe wanakufa, watu wanakula majani, na ndugu tajiri anachukua nyumba ya ndugu maskini kwa bei ya debe la mahindi. Nataka Mama Doris akisome. Najua hatakisoma. Basi atakila.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Mama alikuwa anaanua michembe. Nilipomwambia nataka viazi vile vikavu na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nikapikie wageni, alinitazama kama nimeugua.

"Wageni? Unawapa wageni chakula cha njaa?"

"Ni cha kitabu, mama."

"Hicho kitabu kimeandikwa na nani, asiyekuwa na kuku?"

Akanifungia mafungu mawili. Na kuku akaniongezea, miguu imefungwa. Kuku nilimwacha kwa dada.

Jumamosi, 6 Mei

Niandike kama ilivyotokea.

Michembe nilichemsha kwa maji matupu. Nsansa bila karanga, chumvi kidogo. Maji ya kunywa kwenye kibuyu. Nilitandika kitambaa changu kizuri kabisa, ili waone tofauti.

Walikaa. Mama Mchungaji alisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, kisha akasema tumbo halimpi nafasi. Pendo alionja, akaniangalia, akajua kuna jambo.

Nikasema, "Leo tunakula mwaka wa njaa. Mama Doris, tuelezee ile sehemu ya yule ndugu tajiri na nyumba."

"Sijafika hapo, Mwalimu."

"Hujafika kitabuni. Hapa umefika. Umefika hadi chumba cha nyuma."

Mama Mchungaji alianza kutafuta mkoba wake. Nilijisikia mrefu. Nilikuwa nimengoja dakika hiyo kwa wiki kadhaa, nikiwa na sentensi zangu zimepangwa. Nikamwambia kwamba amekula kwangu kwa miezi akijua anatutoa. Nikamwambia mtu mwenye haya angetuma mjumbe. Nikamwambia pesa imemfundisha kuvaa, kusoma imeshindwa.

Mama Doris hakukasirika. Aliweka kijiko chini taratibu.

"Mwalimu, kama ni nyumba, tuseme nyumba. Mimi nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Mumeo alikuja kwetu Januari. Kabla hatujaanza mambo ya vitabu. Yeye ndiye aliyemwambia mume wangu nyumba itauzwa, aiwahi. Akaomba kazi kwenye kununua pamba, na akaahidiwa." Akanitazama. "Nilipokuja hapa mara ya kwanza ukanipikia wali wa nazi, nilirudi nyumbani nikasema, yule mama ana moyo. Anajua tunachukua nyumba yake na bado ananikaribisha. Nilikuheshimu sana. Ndiyo maana niliuliza bati mbele yako. Sikudhani ninaficha kitu."

Nikanyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na kunjo.

Kisha akala. Alikula michembe yote iliyokuwa kwenye sahani yake na nsansa yake, bila kukunja uso, kama mtu anayemaliza jambo alilopewa. Akashukuru. Akaondoka. Pendo alibaki akaosha vyombo nami, hakuuliza kitu. Namshukuru kwa hilo.

Niliheshimiwa kimakosa. Na aliyeniheshimu ni yeye. Hilo linaniuma kuliko nyumba.

Jumapili, 7 Mei

Sikwenda kanisani. Shija naye hakwenda. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jiko.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungenidharau."

"Nimekudharau siku nyingi, Shija. Bila kuambiwa."

"Najua," akasema.

Hivyo tu. Najua. Hakuinua hata sauti. Miaka yote hii nilidhani naficha vizuri. Nilidhani tabasamu langu linafanya kazi, kwake, kwa Mama Doris, kwa wote. Huyu alikuwa anaishi nalo kama anavyoishi na bati linalovuja. Anasogeza sufuria, anaendelea.

Akaniambia mengine. Kwamba ushirika ulikuwa umewaambia watapunguzwa wote. Kwamba mtu wa umri wake hapati kazi nyingine. Kwamba aliuza habari ya nyumba ili anunue kazi, na aliona aibu hadi akashindwa kuniangalia, ndipo akaanza kutazama redio.

Nimemkasirikia. Bado. Lakini sikuweza kumcheka.

Ijumaa, 9 Juni

Tumehama. Vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Meza kubwa haikupita mlangoni. Tumemuuzia mwenye baa. Vitabu viko chini ya kitanda.

Mama Mchungaji ameeneza mjini kwamba niliwalisha wageni majani. Sikanushi.

Kikundi kinaendelea kwa Mama Doris, kwenye nyumba ile ile iliyokuwa yangu. Alimtuma Pendo anialike. Nilikataa. Pendo anasema walikula chipsi mayai na hakuna aliyekumbuka kubeba kitabu. Nilifurahi kusikia. Ni furaha ndogo, chafu, lakini ni yangu.

Jumamosi, 1 Julai

Msimu umefunguliwa. Shija yuko kituo cha kununulia, kwa mume wa Mama Doris, mwajiri wake mpya. Hapangi tena madaraja. Anabeba na kupima. Hakuna anayeuliza nyuzi. Amerudi jioni na pamba kwenye nywele, kwenye nyusi, mzee ghafla.

Nilikuwa jikoni uani na kitabu, nasoma huku nakaanga. Alioga. Akaja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Redio ilibaki ndani, imezimwa.

"Hao wa humo wanakula nini?" akauliza.

Hajawahi kuniuliza habari ya kitabu tangu tuoane.

"Wako kisiwani. Wanakula dagaa."

"Nasi tuna dagaa?"

"Za ziwani, za Lamadi."

Nikampakulia. Alikula polepole, akitenga pembeni vichwa, ambavyo hapendi. Nikasoma kwa sauti, kwanza kwa uvivu, ukurasa mmoja tu. Nilipofunga, aliacha kutafuna.

"Halafu ikawaje?"

Nikafungua tena.