Mchoraji Hutangulia Kushuka

Kanengo, 4 Machi 2013

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Lilongwe. Mi ni mzima. Kifua chako kinaendeleaje, na cherehani ya Mama bado inamsumbua?

Kazi ya kuchora ramani za uchimbaji inaendelea. Handaki hili la maji ni refu mno. Likichimbwa kutoka ncha mbili tu, tutazeeka. Kwa hiyo tunatoboa njia ya mteremko kutoka ubavuni mwa mlima hadi katikati, watu washukie hapo na mawe yapandishwe kwa kigari kinachovutwa na kamba ya chuma. Wewe ulichora njia kama hizi Kivu miaka mingi, basi nakuambia kinachonichefua. Bosi anataka mteremko uwe mkali ili uwe mfupi, na ameniamuru nifute vijumba vya kando, vile vya mtu kujibanza kamba ikikatika. Eti vinachelewesha kazi. Akasema watu wa hapa wana mbio. Kisha akaendelea kula sambusa yake.

Binti yako,
Arlette

Dzaleka, 11 Machi 2013

Arlette binti yangu,

Tumeamka salama hapa kambini, Mungu ashukuriwe. Mama anakusalimu, cherehani imetengenezwa.

Barua yako imenifanya niache uji. Huyo mtu ni uchafu. Kule mgodini kwetu, aliyechora mteremko ndiye aliyeshuka wa kwanza, kwa miguu, kigari kilichojaa mawe kikining'inia juu nyuma ya mgongo wake. Mimi nilishuka hivyo, na kila kijumba nilikigusa kwa mkono. Hukuandika kama umevifuta au umekataa. Niambie. Kama umevifuta, mikono hiyo isije kuniletea sahani.

Papa yako,
Melchior

Dzaleka, 2 Juni 2013

Arlette,

Sisi wazima. Barua zangu huzijibu, basi nimeshajua. Watu wakiniuliza habari zako kanisani, naona haya.

Papa yako

Kanengo, 20 Novemba 2013

Papa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mi ni mzima, ila kazi sina tena.

Nilivifuta. Mi mkimbizi, sina karatasi za kazi, na bosi alilijua hilo. Jumatatu njia ilikuwa tayari. Wachimbaji walipoitwa kushuka, niliwasimulia desturi ya mgodini kwenu, nikavaa kofia, nikasema nitatangulia mimi niliyechora pamoja na bosi aliyeamuru. Wakakijaza kigari mawe kule juu, wakakaa chini wote wakimtazama. Alicheka, akaja. Hatukufika mbali. Aligeuka, akakiona kigari kimejaa juu yetu, akanishika mkono kwa kiganja chake cha jasho, akauliza, "Kamba ikikatika, mimi nitajibanza wapi?"

Wachimbaji walimsikia. Waligoma mpaka kigari kikaondolewa, na sasa wanachimba vijumba. Mimi nimefukuzwa. Bosi ananichefua, lakini najichefua zaidi kwa miezi yote ile niliyonyamaza. Sijui kama nije.

Arlette

Dzaleka, 27 Novemba 2013

Binti yangu,

Tuko wazima, kifua kimetulia.

Panda basi la asubuhi, kisha mwenye baiskeli ya kabaza akulete mpaka mlangoni. Nitakugombeza, jitayarishe, maana hasira yangu haijaisha. Mama anatwanga majani ya muhogo, anasema, "Mwambie akuje tu, sombe iko." Kanisani nimeshawaambia kwamba unakuja.

Sahani yangu utaniletea wewe.

Papa yako