DAWA YA PAMBA KWENYE BANDA LA KUKU

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Bariadi
Tarehe: 10/03/2025. Muda: saa 1:40 asubuhi
Jina: Mboje Salu Machibya. Umri: miaka 48. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima wa pamba na fundi baiskeli. Makazi: mtaa wa nyuma ya kinu cha pamba, Bariadi mjini.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nimesoma mpaka darasa la saba. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya mama Felisita Kwandu, jirani yangu, ambaye yuko mahabusu hapa toka juzi, anasemwa aliwawekea kuku wangu sumu. Hakuwawekea. Naeleza ilivyokuwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilijenga banda la kuku nyuma ya nyumba. Nafasi ilikuwepo upande wa choo, lakini nikaona nikiliegemeza kwenye ukuta wa mama Felisita nitaokoa mabati ya upande mmoja. Basi nikaliegemeza pale, karibu na dirisha la jiko lake. Sikumuuliza. Yeye ni mjane, mtu mzima, namwita mayu, yaani mama. Alinifuata akasema, "Mboje mwanangu, harufu inaingia kwenye mboga. Lisogeze kidogo." Nikamjibu, "Mayu, kuku wangu hawanuki, hiyo ni mboga yako." Mke wangu Nyanjige alicheka. Mayu hakucheka.

Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ndugu Salvatory. Mwenyekiti alikuja, akasema taratibu za mtaa haziruhusu banda kugusa ukuta wa mtu wala kukaa jirani na jiko, na nilitakiwa nimuone kabla sijachimba shimo la kwanza. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi huu wa tatu nilihamishe. Alisema mbele ya watu, nikaona aibu. Toka siku ile sikumwamkia mayu tena. Kwetu hata adui unamwamkia.

Mnamo Ijumaa tarehe 7/03/2025 jioni nilitoka shambani kupiga dawa pamba. Kwenye bomba la mgongoni ilibaki dawa. Kuku walikuwa na utitiri, wanajidonoa usiku kucha. Nikaona kuimwaga ni hasara. Nikasema moyoni, dawa inayoua funza wa pamba, utitiri utaishindaje. Nikanyunyizia kuta, kichanja na maranda ya chini. Halafu nikaingiza kuku, nikafunga mlango. Upande mmoja wa banda haukuwa na dirisha la hewa, maana ndio ule ukuta wa mayu. Nyanjige alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, hakuniona.

Hapa askari amenisimamisha. Amenionya kwamba haya ninayosema yanaweza kutumika dhidi yangu mahakamani, na kwamba silazimiki kuendelea. Nimemwambia naendelea.

Asubuhi ya tarehe 8, Nyanjige alifungua banda akakuta kuku wote wamekufa, povu mdomoni. Akapiga mwano, lile yowe la kuita watu. Kwetu ukisikia mwano huulizi, unatoka na fimbo. Mimi nilipoinama mlangoni harufu ya dawa ilinipiga puani, nikajua palepale. Nilipoinuka watu walishajaa.

Mmoja akasema, "Si huyu bibi wa ukutani aliyewashtaki?" Mwingine akasema, "Na haya makoko ya ugali nani kawatupia?" Ni kweli, mayu alikuwa anawatupia kuku wangu makoko kila siku, hata baada ya ule ugomvi. Wakanigeukia. "Mboje, unamshuku nani?"

Nikasema, "Nyie wenyewe mnajua."

Sikutaja jina. Lakini nilimtaja.

Walimtoa jikoni akiwa na mwiko mkononi. Jiko wakalibomoa. Kijana mmoja akasema, "Macho mekundu yale, mnafikiri ni moshi?" Ni moshi. Mayu anapikia mabua ya pamba miaka yote, mimi mwenyewe nilikuwa nampelekea. Niliogopa, maana kwetu kumtaja mtu macho mekundu ni kumwita mchawi, na neno hilo likishasemwa kwa mwanamke mzee tunajua linaishia wapi. Mayu akaniangalia, akasema, "Mboje, waambie." Nikaangalia chini. Mwenyekiti Salvatory ndiye aliyemvuta akamfungia ndani kwake, akawapigia nyinyi simu. Bila yeye, leo ningekuwa nimekuja kueleza jambo jingine.

Jana Jumapili sikuenda kanisani. Nyanjige akaniuliza, "Mwizi wa roho za kuku wako kashakamatwa, mbona huli?" Nikamwambia ukweli. Akaufunika ugali. Halafu akasema, "Kesho jioni kuna mkutano wa mtaa, wanataka ahame. Unakwenda polisi wewe, au naenda mimi?"

Bomba na chupa ya dawa nimekuja navyo. Mke wangu hana kosa, alilia kuku wake. Naomba mayu atolewe, ila asirudi peke yake. Karatasi hii watu wa mtaa hawataisoma, kwa hiyo naomba niruhusiwe nikaseme kwa mdomo wangu kwenye mkutano, kabla mtu mwingine hajasimama.

Ya kwangu ni hayo. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. S. Machibya

Maelezo ya askari: Mimi Koplo Lucy Maduhu nimeandika maelezo haya kama yalivyotamkwa, nikamsomea mtoa maelezo, akakubali na kutia sahihi. Bomba moja na chupa moja ya dawa vimepokelewa kuwa vielelezo. Mboje Salu amedhaminiwa na mwenyekiti wake wa mtaa, ataripoti kituoni atakapoitwa. Felisita Kwandu ameachiwa saa 5:15 asubuhi. Aliambiwa atarudishwa na gari la polisi, akakataa. Amesema atakwenda kwa mguu, kupitia sokoni, na Mboje atembee pembeni yake, si nyuma. Wameondoka hivyo. Nimewasindikiza mwenyewe.