Arobaini na Tisa Imekataa Kufika

Kambi ya Dzaleka, Jumatano

Yaya Raphaël,

Jambo sana, amani ya Bwana ikukute mzima. Habari ya kazi, ya shemeji, ya ile nyumba ya vigae tunayoisikia tu? Mi niko salama, cherehani inazunguka. Mama njo hayuko sawa, na simu zangu haupokei, basi soma.

Unamukumbuka Zénon, yule aliyefukuzwa ualimu wa hesabu Uvira? Sasa iko nabii. Aka! Suti moja, kola imeliwa na panya, na banamama banamwinamia. Unamupa namba ya Area, ule mtaa anaokaa mwanao Lilongwe. Anaivunja mpaka kwenye zile ndogo zisizovunjika, anaziandika bega kwa bega, inakuwa namba mpya, anaivunja tena. Ikitokea isiyovunjika, eti imefika nyumbani, na mtoto naye atarudi. Mama Annuarite alitoa kumi, Area ya mtoto wake. Mbili mara tano, akaandika 25. Tano mara tano, 55. Kisha 511, kisha 773, ikagoma kuvunjika. Jumapili Annuarite akashuka na mikate. Alikuwa amefukuzwa kazi, lakini nani atabaambia?

Basi Mama akapeleka 49 yako, akaanza kufunga, maji tu, mpaka ifike. 77, 711, 3379, 31109... Yule mjinga alijaza ukuta wa kanisa kwa chaki. Nilimufuata nikamutukana mbele ya kwaya. Akanambia polepole kwamba hii 49 hata benye mashine kubwa za hesabu bado habajaiona ikifika, na kwamba alimusihi Mama achague ingine. Mama alikataa, mtoto wake anakaa 49.

Jana Mama alianguka kwenye bomba. Nikakimbia kanisani, nikaandika ukutani namba ndefu ya kichwa changu, nikapiga kelele kwamba imefika. Kwa haraka nikaimalizia na tano. Tano, Yaya! Hata mtoto wa shule anajua hiyo inavunjika. Zénon akaitazama, akanitazama, akapiga magoti akasema amina. Namudharau bado, lakini jana alimusaidia Mama kuliko we.

Mama aliposikia imefika, alikunywa uji. Sasa amefunga jogoo kwenye mguu wa meza, amefuta kiti chako, anakungoja Jumapili. Nimedanganya kanisani kwa ajili yako, mtu wa vigae. Ni minibasi tu, kisha kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu. Usipokuja, atarudi kufunga, na mi sina uongo mwingine.

Salimia shemeji na batoto. Zénon naye anakusalimia. Nilikataa kuliandika hilo, akanisihi.

Mdogo wako,
Madeleine