Kikapu Kinachojihesabia

Jumanne, 9/10/2001. Butembo
Leo Mzee Syauswa, mwenye atelier hii ya kuchomelea, amenipa kazi ambayo sijapata kuiona. Nilidhani ni mlango wa duka tena. Hapana! Ni panier, kikapu cha basketi — na lazima ihesabu mabao yenyewe.

Kazi imeletwa na Frère Melchior, bruda wa parokia. Sababu mji mzima unaijua. Jumapili vijana wa mtaa walicheza na askari wa kambi. Mwalimu Paulin aliandika mabao ubaoni kwa chaki. Askari waliposhindwa, wakasema ameiba. Walimpiga kitako cha bunduki, mkono ukavunjika. Sasa commandant wa kambi ameamuru mechi irudiwe, na hakuna anayetaka kushika chaki.

Frère anasema chuma haina upande. "Batamupiga nani?"

Mzee akacheka. Mimi sikucheka. Chuma ina mtu aliyeichomelea.

Ijumaa, 12/10
Nimepata njia. Chini ya pete, ulimi wa chuma. Ballon, yaani mpira, ikishuka inausukuma, ulimi unavuta kamba ya frein, breki ya baiskeli, kamba inazungusha roue libre, ile gia ya gurudumu la nyuma, jino moja, na mshale unasogea kwenye ubao wenye namba. Kila bao jino moja. Frère amekubali: hakuna pointi mbili, hakuna pointi tatu, bao ni bao. Panier mbili, kila timu na ubao wake.

Macho yanawasha kwa moto wa kuchomelea. Nilisoma hadi darasa la sita tu, lakini jambo hili limenifurahisha. Kwa nini nisiseme.

Jumatatu, 15/10
Nilikwenda Beni na lori la mbao kuchukua bomba za nguzo. Kwenye barrière, kizuizi cha askari, tukirudi kuingia Butembo, askari akasoma karata yangu ya utambulisho mara mbili.

"Kindu? Kule kwa batu ya Goma? Huku unatafuta nini?"

Kindu iko mikononi mwa waasi wa Goma, adui wa jeshi lao. Nikamwambia nilikuja kazi ya barabara kabla ya vita, vita ikafunga barabara nyuma yangu. Mimi ni fundi wa Mzee Syauswa.

"Aa! Njo weye wa panier! Miye niko mu équipe ya kambi." Akaninyooshea karata, ila hakuiachilia. "Ihesabu muzuri, mutu ya Kindu. Ikiiba, tutajua nani alikutuma."

Wenzangu juu ya mbao wakacheka. Mimi nikacheka pia.

Jumatano, 17/10
Nimechomelea pete zote mbili. Mgongo unauma. Nimemwota mke wangu, mama Mwamini, yuko mlangoni kwetu Kindu, hanijui. Basi.

Jumamosi, 20/10
Salongo, kazi ya pamoja. Mtaa mzima ulikuja na jembe kusawazisha uwanja, Wakatoliki na Waprotestanti, hata Kyakimwa muuza mikate. Nguzo zimesimama. Frère akatupa ballon — klak! Mshale ukasogea! Watu wakapiga kelele kama harusi.

"Eh, fundi," Kyakimwa akasema, "unitengenezee na ya kuhesabu mikate yenye bwana yangu anakula!"

Halafu Mzee akausukuma ulimi kwa fimbo ya fagio, mchezo tu. Klak. Bao la fagio! Nikataka kuurudisha mshale. Haurudi. Roue libre inazunguka upande mmoja, sote tunajua, tunapanda baiskeli kila siku — na hakuna aliyefikiri! Nikapanda ngazi, nikalegeza kwa ufunguo boulon, ile boliti ya nyuma ya ubao, nikarudisha kwa mkono.

Nikamuuliza Frère: arbitre, mwamuzi wa mechi, akikataa bao, je?

"Atakataa kabla ballon haijaingia," akasema, na kucheka.

Commandant akafika nimeshashuka. Akazunguka nguzo, mikono nyuma. "Kuna mutu anaweza kugusa hesabu?"

"Hapana, commandant," Frère akasema. "Hata huyu fundi mwenyewe."

Alikuwa na furaha, maskini. Commandant akawageukia watu wote: "Mumesikia? Chenye chuma inasema, njo hicho." Watu wakapiga makofi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nikautia mfukoni.

Jumapili, 21/10
Naandika nikiwa barazani kwa parokia. Mvua kubwa. Mechi imesimama.

Walikuwa sawasawa, mshale kwa mshale, karibu na mwisho. Lusenge wa timu ya mtaa akatembea na ballon mkononi bila kuidunda, kosa. Arbitre Ésaïe akapiga filimbi. Lusenge alikuwa ameshatupa. Ikaingia — klak.

Ésaïe akapunga mikono: hapana, hapana! Lakini mshale ulikuwa umesogea. Mtaa unaongoza.

"Chuma imesema!" watu wakaimba. "Haiguswi!"

Yule askari wa barrière akanionyesha kidole mbele ya wote. "Mutu ya Kindu! Nilisema!"

Commandant hakupandisha sauti. "Fundi. Inarudi ao hairudi?"

Nikisema hairudi, basi mashine yangu imewaibia. Nikisema inarudi, basi mkono wa mtu unaweza kuingia, na Frère ni mwongo, na kila bao tangu mwanzo litaulizwa. Nilifungua mdomo. Mvua ikaanguka, wote tukakimbia.

Mwalimu Paulin amekaa karibu yangu, mkono shingoni kwa kitambaa. Nimemuuliza nijibu nini.

"Miye niliandika kweli," amesema. Kisha, polepole: "Ukipanda kuurudisha, usipande peke yako. Mwite Ésaïe, mwite Frère."

Frère yuko mlangoni mwa kanisa. Nimemtazama. Anatazama viatu vyake.

Mvua inapungua. Commandant hajakaa hata mara moja. Askari mmoja ametoka uwanjani, matope hadi kwenye vifundo, amebeba ngazi ya parokia. Anapanda. Anachungulia nyuma ya ubao.

"Commandant! Huku kuna boulon!"

Anaishika kwa vidole. Haifunguki. Sasa wanauliza nani ana ufunguo.