Wanjiku na Neno Langu

Jumatano, Kitale

Ati Wanjiku, mtafsiri mwenzangu ofisini. Wanjiku ambaye watu wake walitoka Murang'a, ndiye wa kunifundisha mimi mila za Wabukusu.

Sista kutoka Uhispania alitaka tumtafsirie ripoti ya Kiingereza. Mwanamume mmoja alifokeana na mama mkwe wake sokoni, watu wakiona. Ripoti iliita hiyo "row", ugomvi. Nikaandika "discusión", yaani mabishano tu. Sista akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunywa chai.

Wanjiku akanigeukia. "Si hivyo, bana. Huku mtu hata hamwangalii mama mkwe usoni." Akafuta neno langu, akaandika "escándalo", yaani kashfa ya aibu, akamweleza Sista sababu.

Sista akaweka kikombe chini. Ripoti iliyobaki akampa Wanjiku.

Na mimi ndiye Mbukusu wa Bungoma. Baba yangu huzunguka nyuma ya nyumba ili asikutane na nyanya, mamake mama. Nimeyaona hayo tangu utotoni, na leo hayakunijia.

Safari ya kwenda Lwakhakha kumtafsiria Sista, ambayo nimekuwa nikiingoja, watampa yeye, najua tu.

Jioni nilimpigia mama simu nimlalamikie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo Wanjiku ameolewa? Kaka yako bado hana bibi."