Matone ya Mzee, Mashine ya Binti

Jumatatu, 3 Machi

Mzigo wa binti yetu umefika. Kipimo cha alkali cha mkononi, kinaingia kiganjani. Unaweka kichupa cha maji, unabonyeza, namba inatokea. Basi! Mzee, baba yake, kakitazama kama mkwe aliyeingia bila hodi. Eti hiki kinajua nini kuhusu maji yake?

Maji yake! Na anayebeba ndoo ni nani?

Lakini namwelewa. Tangi la sebuleni ni lake, samaki wake, matumbawe yake, na miaka yote anapima kwa matone. Maji ya tangi unayatia kwenye kichupa, unadondosha dawa, yanakuwa bluu. Yakigeuka njano unasimama. Tone moja, digrii moja. Na yeye ni mchora mabango, nusu ya mji huu inasoma rangi alizozichanganya. "Jicho langu ndilo lililolisha nyumba hii," ndiyo kauli yake. Ni kweli, keki zangu zimeongezea tu.

Shida ni tumbawe lake la zambarau, lile la matawi, alilolilea tangu likiwa kipande cha kidole gumba. Linapauka kwenye ncha. Halikui. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa hiyo alkali, ikishuka ujenzi unasimama. Mzee anasema haijashuka, iko juu, kapima mwenyewe. Kwa hiyo anapunguza ile dawa ya kuiongeza. Na tumbawe linazidi kupauka.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima kwa mashine yeye akiwa kazini. Sita na nusu! Nimerudia — sita na nusu. Jioni kapima kwa matone: tisa. Vita! Kasema mashine imeharibikia njiani. Mimi nikasema dawa yake ya matone imepitwa na muda. Tukasoma chupa. Haijapitwa. Kanitolea kicheko kile chake cha puani, nikamwachia chai ipoe.

Binti kwenye simu kacheka mpaka nikakata. Eti wazazi wake wanagombea maji ya chumvi.

Halafu mwenye duka la vifaa vya shule kakataa bango. Anadai bluu aliyoagiza siyo ile. Mzee anasema yule bwana hajui rangi, akamlete mkewe. Nimecheka naye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata wazo nikipima unga! Tunabishania maji ambayo ukweli wake hakuna anayeujua. Si tutengeneze maji tunayoyajua? Maji ya betri kutoka gereji, yale yasiyo na kitu ndani, soda ya kuokea, mizani yangu ya keki. Binti kapiga hesabu: soda kiasi hiki kwenye lita moja, unapata digrii nane kamili. Kila chombo kikapimwe kwa hayo, tuone nani mwongo.

Mzee kakubali haraka mno. Anajua atashinda. Atakayeshindwa ataosha vichujio vya tangi mwezi mzima. Na vinavyonuka vile! Jumapili patachimbika.

Jumapili, 9 Machi

Mashine: nane na kidogo. Tena: nane na kidogo. Ya tatu, vilevile. Inazidisha, lakini inazidisha sawasawa kila mara. Wa hivyo unaweza kuishi naye. Shangazi yangu huchelewa saa nzima kila mwaliko, wala hatusumbuki, tunamwalika saa nzima mapema.

Matone, mikononi mwangu: nane. Nikarudia, nane. Dawa ya Mzee ni nzima kabisa! Nilifurahi kwa niaba yake, ningeosha vichujio bila kinyongo.

Matone, mikononi mwa Mzee: kumi. Akarudia: kumi na mawili. Kakasirika, eti nimempa maji mengine. Yametoka jagi moja! Akaanza mara ya tatu, na mimi nikasogea ubavuni pake, pale dirishani penye mwanga. Tone la sita. La saba. La nane — njano. Njano ya kiini cha yai, wala huhitaji kuuliza. Nikavuta pumzi nimtanie. Yeye kakodoa macho. La tisa. La kumi.

"Bado," kaniambia, wakati sijamuuliza.

La kumi na moja.

"Sasa. Umeona?"

Nimeingia jikoni nikafungulia bomba, asinisikie nikilia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita duka la vifaa vya shule. Bango lipo nyuma, limegeuziwa ukutani. Nikaomba nilione. Si bluu. Ni kijivu chenye ukijani mchafu. Herufi, mashallah, zimenyooka kama zamani. Mwenye duka kasema kwa upole kwamba hakutaka kumwaibisha mzee wa watu. Na huyu ndiye niliyemcheka!

Unamwambiaje? Mtu ambaye rangi ndiyo jina lake. Kumbe kila tone alilozidisha lilimwambia alkali ipo tele, naye akazidi kulinyima tumbawe lake chakula, kwa mapenzi yote. Naogopa. Si habari ya matumbawe tena. Akipoteza macho, huyu bwana atabaki na nini?

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia. Vibaya! Maneno niliyapanga vizuri nikikanda unga, yote yakaniponyoka. "Mzee, yanageuka kwenye tone la nane. Wewe unayaona kwenye la kumi na moja."

Angefoka ningejua la kufanya. Hakufoka. Kakaa. Baadaye kasema taratibu kwamba taa za magari zinamtawanyikia siku hizi, na kwamba kopo la bluu analijua kwa kusoma maandishi. Kwa kusoma maandishi! Na mimi nalala naye kitanda kimoja! Nimemgombeza, nimelia, nimemkumbatia, sijui kipi kilitangulia. Kasema alihofia kuambiwa ni upofu, na ambaye hajaambiwa ana nafuu bado. Mantiki gani hiyo?

Nimepiga simu kliniki ya macho. Alhamisi.

Alhamisi, 13 Machi

Mtoto wa jicho! Macho yote mawili, la kulia limezidi. Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, kasema lenzi imeingia ukahawia, ni kama kutazama dunia kupitia chupa chafu, ndiyo maana bluu inamfia. Inatolewa, inawekwa mpya. Watu wanafanyiwa kila siku. Nilitaka kumbusu.

Ila hakuahidi yote. Ukungu ni mzito, nyuma ya lenzi hajapaona vizuri, atajua akishaitoa. Mzee kalidaka neno hilo tu, mengine hakusikia. Njiani kakunja uso. Nikamwambia ashukuru, tumepata mtoto uzeeni. Kaanza kucheka hadi akaegemea ukuta wa watu. Kasema mradi asifanane na mimi kwa mdomo.

Jumamosi, 22 Machi

Alkali tunaipandisha kidogokidogo. Siku za kazi mashine, Jumapili naihakiki kwa matone, mimi nikiangalia rangi na Mzee akihesabu kwa sauti. Hesabu yake haina dosari, na anajivuna nayo! Tupo saba na nusu.

Na leo nimeona! Kwenye ncha za matawi, zambarau changa, hafifu, imechomoza! Nikaita kama nimeona nyoka. Mzee kaja mbio, kabandika pua kwenye kioo. Katazama sana.

"Mimi naona weupe tu."

Nikafungua mdomo nimweleze. Kaniwekea kidole.

"Usinieleze. Nitaiona mwenyewe."

Jumatano, 26 Machi

Naandikia koridoni, daftari juu ya mkoba. Jicho la kulia kwanza. Wamemvisha gauni la hospitali lisilofunga mgongoni, kaniapisha nisimwambie binti. Picha nimeshatuma.

Kauliza ukuta huu una rangi gani. Bluu, nimemwambia, ya anga asubuhi. Halafu kasema aliyepaka ni mvivu, kona hakuzimaliza. Kona kaziona! Nimecheka. Na kama nyuma ya lenzi pana kitu? Hapana. Leo sifikirii hivyo. Leo nafikiria zambarau.

Muuguzi kamwita. Mzee kainuka, kakataa nimshike, eti yeye si kipofu. Kaenda peke yake, kanyooka kabisa, gauni limeachia nyuma, wala hajui. Sasa kasimama. Mlango uko wazi mbele yake na haingii. Hageuki kunitazama. Mkono wake tu, kaurudisha nyuma, vidole vinafumba na kufumbua, vinanitafuta. Muuguzi anasema mwisho mlangoni, mama. Sawa, mlangoni. Naja, Mzee, naja, ngoja niache hii kala—