Yule wa Kwenye Picha

Quibdó,
Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpendwa Nayibe,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko ughaibuni Antofagasta isiwe imekurudishia kile kikohozi. Sisi hatujambo, mvua ndiyo hiyo unayoijua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila ukipiga unacheka, nami naishia kukuuliza habari za kazi.

Unakumbuka ulivyonisukuma ninunue kompyuta mpya ya studio yangu ya picha, maana ile ya zamani ilikuwa inaganda kila nikigusa uso wa mtu kwenye programu ya kuhariri picha. Dukani muuzaji alining'ang'aniza nichukue yenye kadi kubwa ya michezo ya kompyuta na taa za rangi. Bahati nzuri nilikwenda na fundi wetu Wílmar, ambaye aliniuliza kama nafungua disko. Alisema kadi ile tuwaachie wacheza michezo. Kazi yangu inataka prosesa ya kasi, memori ya kutosha na diski ya SSD isiyochelewa kufungua mafaili, basi. Nilimsikiliza, na kwa hilo sijuti. Mashine inakimbia, dada, mpaka inatia wazimu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa picha za sherehe ya binti yako Yurleidy ya kutimiza miaka kumi na tano, nawe ulikuwa unaniuliza kila siku ziko wapi. Zamani ningekaa na kila uso nikisubiri mashine izinduke, na katika kusubiri huko ningemtazama mtu vizuri. Safari hii nilichukua mpangilio wa rangi uliokuja tayari na programu, nikabonyeza mara moja, sherehe nzima ikatoka inang'aa kabla kahawa haijapoa. Nikakutumia. Ukanipigia ukilia kwa furaha, ukisema mtoto amekuwa malkia, hata hukumtambua. Nikapokea sifa zote.

Sasa niseme ukweli. Mpangilio ule ulimpausha. Uso wa mtoto wetu, mweusi kama wa marehemu mama, ulitoka mweupe, na niliuona kabla sijakutumia. Nikajidanganya kwamba ni taa za ukumbini. Kasi ilikuwa imenilevya, nikaona uvivu kurudia.

Juzi nimemkuta bafuni anajipaka mkorogo wa kujichubua. Mashavu yote yameungua. Nikamfokea, nani kakufundisha ujinga huu? Akanijibu taratibu, "Mjomba, mama anakuja Desemba. Aliniacha mdogo, na kwenye video mimi huonekana giza tupu. Atamtafuta yule wa kwenye picha."

Nilikosa pa kuficha uso, dada. Hakuna aliyemfundisha ila mimi.

Nimempeleka zahanati, wamempa dawa, wanasema ngozi itapona. Picha nimezihariri upya, moja moja, kwa mkono, na nimeziweka humu. Huyu ndiye mwanao. Nilaumu utakavyo, nastahili, lakini ukipiga simu usianze na mimi, anza naye. Amenisihi nisikutumie hizi. Anasema ukiziona utaghairi safari.

Wasalimie wenzako wa kazini, na Mungu akulinde mpaka tukupokee.

Mdogo wako anayekupenda na kukuomba radhi,
Eulises